Tumbo Nalo Linaugua: Mhadhara Kuhusu Ugonjwa wa Parkinson



Ugonjwa wa Parkinson ukitajwa, wengi huwaza mkono unaotetemeka, miguu inayoburuzwa, uso usiokunjuka na sauti iliyofifia. Hayo ndiyo yanayoonekana, na ndiyo yanayomfikisha mtu hospitali. Leo nimekuja kuzungumzia yale ambayo mgonjwa huyafunika kwa leso au huyanyamazia: udenda unaomtoka, tonge linalokwama kooni, tumbo linalojaa kabla sahani haijafika nusu, kichefuchefu, na kubwa kuliko yote, kukosa choo. Hoja yangu ni moja. Tumbo limo ndani ya ugonjwa huu tangu mwanzo, na kidonge cha dawa yake kuu hakina njia ya kufika kwenye ubongo ila kwa kupitia tumboni. Anayetibu mkono akaliacha tumbo, hata huo mkono hatautibu sawasawa.

Ugonjwa unaoanzia mbali

Mwaka 1817 James Parkinson, daktari wa Hoxton, London, alichapisha kijitabu kuhusu wagonjwa 6, wengine kati yao aliwaona barabarani tu. Hakuishia kwenye mtetemeko. Aliandika pia kwamba walipata taabu kumeza, kwamba mate yaliwatoka bila wao kuweza kuyazuia, na kwamba matumbo yao yalikuwa mazito hata yakahitaji dawa kali za kuyafungua. Kwa hiyo habari za tumbo zimo katika maelezo ya kwanza kabisa ya ugonjwa huu, ila waliomfuata Parkinson waliukazia macho ubongo kwa zaidi ya karne nzima.

Mwaka 1912 daktari Friedrich Lewy aliona chembe za ajabu ndani ya seli za neva za wagonjwa hao. Mwaka 1997 ikabainika kwamba chembe hizo zimejaa protini iitwayo alfasinukleini, iliyojikunja vibaya na kurundikana. Protini hiyohiyo imekutwa pia kwenye neva zilizomo ndani ya kuta za utumbo. Tukumbuke kwamba tangu kooni hadi kwenye njia ya haja kubwa, mwili una mtandao wake wa seli za neva, mamia ya milioni kwa idadi, unaosukuma chakula bila sisi kuufikiria. Mtandao huo ukiharibika, chakula husafiri polepole.

Mwaka 2003 Heiko Braak, mtaalamu wa Ujerumani, na wenzake walitoa wazo lililowashtua wengi: kwamba kwa baadhi ya wagonjwa uharibifu huanzia tumboni au puani, kisha hupanda polepole kufuata neva ya vagasi, ile ndefu inayounganisha ubongo na tumbo, hadi kufika kwenye seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo wa mwili. Wazo hilo halijathibitishwa kwa kila mgonjwa, na leo watafiti wengi wanaona kwamba wapo ambao ugonjwa wao huanzia mwilini na wapo ambao huanzia kwenye ubongo. Lakini jambo moja halina ubishi: kwa watu wengi, kufunga choo hutangulia mtetemeko kwa miaka mingi.

Ushahidi mmoja ulitoka Honolulu, Hawaii. Wanaume 6,790 wenye asili ya Japani waliulizwa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanapata choo mara ngapi kwa siku. Walifuatiliwa kwa miaka 24, na matokeo yakachapishwa mwaka 2001. Waliokuwa wakipata choo chini ya mara moja kwa siku walipatwa na Parkinson mara 2.7 zaidi ya waliokuwa wakipata mara moja kila siku. Nasema hivi, na papo hapo nawatuliza. Katika watu wote hao, waliougua walikuwa 96. Watu walio wengi wenye choo kigumu hawana Parkinson na hawataipata. Mwenye kufunga choo asiondoke hapa na hofu. Bali akiwa pia amepoteza uwezo wa kunusa, akiwa anapiga mateke na kupiga kelele usingizini kana kwamba anapigana ndotoni, na mwendo wake umeanza kuwa mzito, hapo amwone daktari.

Kutoka mdomoni kwenda chini

Tuanze na mdomo. Udenda humtia mzee aibu mbele ya wajukuu, na watu hudhani mate yamezidi. Mara nyingi mate hayajazidi. Sisi wazima humeza mate kila mara bila kujua. Mgonjwa wa Parkinson humeza mara chache, na kichwa chake kimeinama mbele, basi mate hujikusanya na kutoka. Kutafuna jojo au kunyonya pipi isiyo na sukari humkumbusha kumeza, ilimradi hana tatizo la kupaliwa. Kwa hali iliyozidi, ipo sindano ya botulinamu ya kupunguza mate, inayochomwa na mtaalamu.

Kumeza ni jambo zito zaidi, kwa sababu nimonia inayotokana na chakula au mate kuingia njia ya hewa ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wagonjwa hawa. Tena si lazima mtu akohoe. Kwa wengine chakula huteleza kwenda mapafuni kimyakimya. Dalili za kuangalia ni sauti inayokuwa na majimaji baada ya kunywa, mlo unaochukua saa nzima, homa na kikohozi vinavyorudi mara kwa mara, na kupungua uzito. Mgonjwa ale akiwa ameketi wima, kidevu kimeshuka kidogo, tonge dogo moja baada ya jingine, bila televisheni wala maswali katikati. Akimaliza abaki ameketi kwa nusu saa. Wengi hupaliwa na maji kuliko uji mzito, basi anayepaliwa na maji tusimwambie apige mafunda makubwa. Na mgonjwa aliyelala chali asilishwe kamwe.

Tukishuka tumboni, tunakuta tumbo linalochelewa kumwaga chakula. Mgonjwa hula matonge machache akashiba, hucheua, hupata kiungulia, hujisikia amevimbiwa hadi jioni. Milo midogo mitano humfaa kuliko sahani mbili kubwa, na vyakula vya kukaangwa kwa mafuta mengi humchelewesha zaidi.

Mwisho ni utumbo mpana, mahali penye malalamiko mengi kuliko pote. Kufunga choo huwapata zaidi ya nusu ya wagonjwa. Kuna sababu mbili, na mara nyingi huja pamoja. Ya kwanza, utumbo wenyewe husukuma polepole, choo kikakaa mno na kukauka. Ya pili, misuli inayozunguka njia ya haja kubwa, ambayo inapaswa kulegea wakati wa kujisaidia, hukaza badala ya kulegea, kama inavyokaza misuli ya mkono na shingo. Ndiyo maana mgonjwa huketi chooni kwa muda mrefu, akajikamua mpaka jasho likamtoka, asipate kitu. Si mvivu wa kunywa maji tu, kama anavyoambiwa. Ugonjwa wake umefika huko.

Kidonge na kifungua kinywa

Dawa kuu ya Parkinson ni levodopa. Tangu daktari George Cotzias alipoonyesha mwaka 1967 kwamba ikitolewa kwa dozi kubwa inayopandishwa taratibu huwainua wagonjwa waliokuwa wameganda, hakuna dawa iliyoishinda. Levodopa haifyonzwi tumboni. Hufyonzwa sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, na huko hupita mlango uleule unaopitisha vijenzi vya protini tuliyokula. Vikifika pamoja, husukumana mlangoni, na kidonge ndicho kinachobaki nje.

Sasa tuingie jikoni. Ni saa 1 asubuhi. Mzee ameamka mwili ukiwa umekakamaa kama ilivyo kawaida yake. Mkewe amemwekea uji wa maziwa na mayai mawili, na kidonge pembeni ya kikombe. Anakimeza na funda la uji. Saa 2 inapita, saa 3 inapita, vifungo vya shati bado vimemshinda. Saa 4 ndipo mwili unaanza kufunguka, na karibu ni saa ya kidonge cha pili. Familia inasema dawa ni feki. Wakienda kliniki wanaongezewa dozi. Kumbe kidonge kilibaki tumboni pamoja na uji, na kilipofika utumboni kilikuta maziwa na mayai yamekitangulia.

Mzee huyo angemeza kidonge saa 12 na nusu kwa glasi nzima ya maji, kisha akala saa 1 na robo, huenda asingehitaji dozi kubwa zaidi. Kanuni ni hii: levodopa inywewe nusu saa au zaidi kabla ya kula, au saa moja au zaidi baada ya kula. Anayeanza dawa na akapata kichefuchefu, ale kitu kidogo kisicho na protini nyingi, kipande cha ndizi au mkate mkavu. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo wazee wengi huandikiwa kwa upungufu wa damu, navyo huizuia levodopa. Vinywewe saa tofauti.

Naomba hapa nisieleweke vibaya. Sijasema mgonjwa aache nyama, dagaa, maharage au maziwa. Wagonjwa hawa hukonda, na mzee aliyekonda huanguka na kuvunjika. Protini aile, tena ya kutosha. Kinachobadilika ni saa. Ambaye dawa yake inasumbuliwa sana na chakula, anaweza kushauriana na daktari ili sehemu kubwa ya protini ihamie mlo wa jioni.

Kichefuchefu nacho kina historia yake. Levodopa ilipoanza kutumika, wagonjwa wengi walitapika, kwa sababu sehemu kubwa yake iligeuka dopamini ikiwa bado mwilini, kabla ya kufika kwenye ubongo. Katika miaka ya 1970 ikaunganishwa na kabidopa, inayozuia mgeuko huo nje ya ubongo, na kutapika kukapungua sana. Hii ndiyo sababu nawaonya kuhusu upupu. Ni kweli mbegu za upupu, huuhuu unaotuwasha mashambani, zina levodopa halisi, na watafiti wamezijaribu kwa wagonjwa wasiomudu vidonge. Lakini hazina kabidopa, kiasi cha dawa hutofautiana mbegu hadi mbegu, na katika majaribio baadhi ya wagonjwa waliacha kuzitumia kwa sababu ya tumbo. Mtu asisage nyumbani mbegu ambazo hajui kipimo cha dawa iliyomo.

Kwa wanaofunga Ramadhani: kukaa mchana kutwa bila dawa na bila maji humgandisha mgonjwa na kumfunga choo, na kuikata levodopa ghafla kunaweza kuhatarisha maisha. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Anayetamani kufunga azungumze na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, si siku ya kwanza ya mfungo.

Dawa za kuogopa

Wauguzi wenzangu, hili ni letu hasa. Mgonjwa wa Parkinson anakuja zahanati anatapika. Mkono wetu unakwenda moja kwa moja kwenye sindano ya metoklopramidi, kwa kuwa ipo na tumeizoea. Dawa hiyo huzuia dopamini kwenye ubongo, mahali palepale ambapo huyu tayari amepungukiwa. Anaweza kutoka kwetu akiwa ameganda kuliko alivyoingia. Vivyo hivyo kwa proklorperazini, na kwa haloperidoli inayotolewa mzee akichanganyikiwa. Domperidoni ni salama zaidi kwa ubongo kwa kuwa haiingii huko kwa urahisi, ingawa mwenye ugonjwa wa moyo aandikiwe kwa tahadhari. Kabla ya kuvuta sindano, tuulize: mzee huyu anatumia dawa gani nyumbani?

Nyingine ni benzeksoli. Ni ya bei nafuu, hupunguza mtetemeko, na wagonjwa wengi huianza kwa sababu levodopa haikupatikana. Lakini hukausha mdomo, hupunguza mwendo wa utumbo, na huwavuruga wazee akili. Mzee anayetumia benzeksoli na hajapata choo siku tano, tusimwongezee dawa ya kulainisha choo kabla ya kujiuliza kama benzeksoli bado inamfaa. Kuipunguza ni kazi ya daktari, na hufanywa taratibu.

Choo

Matibabu ya choo huanza na vitu vya kawaida. Maji kwanza, lita moja na nusu hadi mbili kwa siku kwa asiye na tatizo la moyo au figo. Wazee wengi hujinyima maji kwa kuogopa kwenda haja ndogo usiku; basi maji mengi wayanywe kabla ya alasiri. Kisha nyuzinyuzi, na hizi tunazo: ugali wa dona, uji wa ulezi, maharage, matembele, mchicha, mlenda, papai, parachichi, embe. Ziongezwe kidogokidogo na ziandamane na maji, maana nyuzinyuzi bila maji huzidisha ugumu. Mwendo nao husaidia, hata wa kuzunguka ua mara chache asubuhi na jioni. Katika jaribio moja lililofanyika Italia na kuchapishwa mwaka 2016, wagonjwa waliokunywa kila siku kwa wiki 4 maziwa yaliyochachushwa yenye bakteria hai na nyuzinyuzi walipata choo vizuri zaidi. Mtindi wetu si sawasawa na kinywaji kile, lakini hauna ubaya kuujaribu, mbali na saa za kidonge.

Hayo yakishindwa, dawa zipo. Makrogoli imejaribiwa kwa wagonjwa hawa na kuwafaa; laktulosi hutumika pia, ingawa huleta gesi; sena na bisakodili zina nafasi yake. Lengo ni choo laini cha mara kwa mara, wala si kuharisha mara moja kwa wiki kwa dawa kali kisha kukauka tena.

Nawaomba pia mkakitazame choo chenyewe. Kuchuchumaa ni mkao mzuri wa kujisaidia, lakini mgonjwa wa Parkinson akichuchumaa anaweza kushindwa kuinuka, au akaanguka chooni usiku. Wengi huacha kwenda kwa hofu hiyo, na choo kinazidi kukauka. Fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo, na kupigilia mti imara wa kushikia ukutani. Aliyeketi kwenye kiti hicho awekewe kigoda kifupi chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga. Mkao huo hufungua njia karibu kama kuchuchumaa. Mgonjwa aupe mwili saa yake ya choo, mathalani baada ya kifungua kinywa, ileile kila siku.

Na kuna hatari ambazo hazingoji. Tumbo likivimba ghafla, likauma, hewa isitoke na mtu akatapika, huenda utumbo mpana umejisokota, jambo ambalo wagonjwa hawa wako hatarini kulipata. Huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo. Damu kwenye choo, au tabia ya choo kubadilika pamoja na kukonda, ichunguzwe kama kwa mtu mwingine yeyote. Parkinson haimkingi mtu na saratani ya utumbo.

Haya inayoua kimya

Katika nyumba nyingi anayemhudumia mzee ni mke wa mwanawe. Anampikia, anamfulia, anamkumbusha dawa, lakini hawezi kumwuliza baba mkwe kama amepata choo, na baba mkwe yuko radhi kufa kuliko kumjibu. Heshima hiyo ni yetu na siitaki ivunjwe. Nataka tuipitie kando. Mjukuu wa kiume aulize. Mhudumu wa afya wa jinsia moja na mgonjwa aulize. Mzee awekewe kalenda chumbani mwake na kalamu, achore alama siku anayopata choo, bila kusema neno kwa mtu.

Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uchunguzi wa nyumba hadi nyumba uliochapishwa mwaka 2008 uliwakuta watu 33 wenye Parkinson katika wakazi zaidi ya 161,000, na walio wengi kati yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Watu hao walikuwa wakitetemeka mbele ya macho ya kijiji kizima. Ikiwa mtetemeko wenyewe haukutambuliwa, nani aliwauliza kuhusu tumbo?

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na halihitaji mashine wala bajeti. Kila mgonjwa wa Parkinson anayeketi mbele yetu aulizwe maswali matatu kabla dozi yake haijaguswa: Umepata choo mara ya mwisho lini? Unapaliwa unapokula au kunywa? Kidonge unakimeza saa ngapi, na wakati huo unakuwa umekula nini? Muuguzi ayaandike majibu kwenye cheti. Na wewe ndugu uliyemleta mzazi wako, kama hukuulizwa, yaseme mwenyewe kabla ya kuinuka kwenye kiti.